Ujumbe Ulifika

Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana wanaojifunza kupiga klarineti, kuna mtu husimama kunitambulisha, naye hukumbusha kwamba nilichaguliwa kuingia katika bendi ya mishahara nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kutoka ukumbi mdogo wa Changamwe, nikawaacha nyuma wanaume kumi na wanane. Watu hupiga makofi. Mimi huinamisha kichwa, nao hudhani ninaona haya. Si haya, ni aibu, na mtu mzima anaijua tofauti yake hata kama kichwa huinama namna moja. Nimeandika mengi kuhusu bendi ile kubwa, safari zake na sare zake na vituko vya viongozi wake, na kila mara nimeuruka mwaka uliotangulia. Mwezi uliopita alifariki Afande Mwakio, aliyetufundisha sote pale Changamwe. Alizikwa kwao Taita, na sisi wanafunzi wake wa zamani tukakutana nyumbani kwake Mikindani kumpa pole mkewe. Hapo nilimkuta Sudi, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika. Kuandika ni rahisi kuliko kusema, na ninamwomba msomaji alikumbuke hilo kabla hajanisifu kwa ukweli wangu.

Ya kwetu nayaacha, wazazi wangu hawana hatia katika jambo hili. Naanza na ukumbi. Ulikuwa wa mabati, karibu na barabara ya malori ya bandarini, na mchana joto lake lilikuwa la kuokea mkate. Nyuma kulikuwa na stoo ya vyombo vya muziki, chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya mafuta ya kulainishia vali na mate yaliyokaukia ndani ya shaba. Kila chombo kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wengi kabla yetu. Klarineti yangu ilifungwa kwa uzi mahali palipopasuka, na tromboni ya Sudi ilikuwa na kibonyeo kama cha sufuria iliyoanguka. Mwaka ule Afande alikuja na mkoba wa karatasi kuukuu za muziki, akaumwaga juu ya meza na kusema, "Hii ni machi." Sudi akauliza, "Afande, na huu ni mwezi wa saba, twangoja mwaka ujao?" Tulicheka sote, Afande naye akacheka, kisha akampa Sudi kazi ya kung'arisha ngoma kubwa kwa siku tatu.

Ukurasa wa juu ulikuwa umechanika, kwa hivyo hatukujua jina la ile machi, muziki wa mwendo wa gwaride, wala aliyeitunga. Tuliiita Ile Kubwa. Kabla yake tulizoea nyimbo za gwaride, za kupiga huku miguu inatembea, na hii nayo ilikuwa na mwendo uleule wa miguu, lakini Afande alisema si ya kutembea. "Hii watu wanaketi, wanaisikiliza," alisema. "Nyinyi pia mnaketi. Nikiona goti linacheza nitalipiga." Na kweli alitupiga magoti, kwa kijiti chake cha kuongozea. Ile Kubwa ilifunguka kwa kishindo, ikazunguka mara mbili, kisha ikashuka mahali pa utulivu, klarineti zikaimba chinichini na vyombo vikubwa vikawa vinahema tu nyuma yetu. Pale tulipaita kubembeleza. Baada ya kubembeleza, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, ilikuja sehemu ambayo vyombo vizito vilifoka na vidogo vikajibu kwa ukali, na tromboni ndiyo iliyoanza peke yake. Pale Afande mwenyewe alipaita ugomvi. Ukiisha ugomvi, kubembeleza kulirudi tena, safari hii kwa sauti kubwa, na huo ndio ulikuwa mwisho.

Ukumbi ulipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Time, aliyepika mahamri na viazi vya karai kibarazani kwake. Tulikuwa tukitoka mazoezini tunakwenda kuketi pale, sahani za mbaazi za nazi magotini, midomo imevimba kwa kupuliza. Bi Time alikuwa ameikariri Ile Kubwa kuliko baadhi yetu. "Pale mnapobembeleza," alikuwa akisema, huku akigeuza viazi ndani ya mafuta, "mimi hata karai nalisahau. Lakini mkianza kugombana, vikombe vyangu vyatetemeka kabatini. Sudi, wewe ndiwe mchokozi, nakusikia waanza peke yako." Sudi alikuwa akimjibu kwa adabu, "Naam, Bi Time, nimeandikiwa hivyo kwenye karatasi." "Basi aliyekuandikia hana vikombe," Bi Time alisema, na kibaraza kizima kikacheka. Mimi nilikuwa nikila haraka, nirudi stoo nikafanye mazoezi peke yangu, na Bi Time alinifungia hamri moja zaidi katika gazeti nikale humo.

Sudi hakuhitaji kujifungia stoo. Nilikuwa nikipiga mstari mmoja mara hamsini, yeye aliutazama mara moja, akaupiga, na ukawa umetulia kana kwamba alizaliwa nao. Hakuwa na majivuno, na hilo lilinikera zaidi. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumchukia. Jumamosi moja mke wa Afande alitualika wachache tukala wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na baada ya chakula nikaenda jikoni kuosha sahani. Dirisha la jikoni lilitazama baraza ya nje, ambako Afande aliketi na mgeni kutoka bendi ya mishahara ya kisiwani. Mgeni alisema wana nafasi moja tu, na watakuja kutusikiliza mwisho wa mwaka. "Nikichukua mmoja, nichukue nani?" aliuliza. "Sudi," Afande akajibu papo hapo. "Na yule msichana wa klarineti?" Nilifunga mfereji nisikie vizuri. "Rehema ana bidii," akasema.

Bidii ni neno zuri, mwalimu akiliandika kwenye ripoti mzazi hufurahi. Lakini mimi nilijua limewekwa pale kujaza nafasi ya neno jingine. Nilisimama jikoni na sahani yenye povu mkononi, nikamchukia Sudi, aliyekuwa sebuleni akimchekesha mtoto mchanga wa Afande. Sikumchukia kwa kosa lolote. Tangu siku ile kila nilipopiga vizuri nilijiambia ni bidii tu, na kila nilipokosea nilijiambia hata bidii imenishinda. Niliitaka ile nafasi moja kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka. Sasa nikiwa na umri huu, nikizikumbuka zile bendera na safari, naweza kusema hata ilikuwa na thamani ndogo kuliko nilivyodhani, lakini hilo halipunguzi kitu, maana siku ile sikulijua.

Siku ya kusikilizwa tulifika ukumbini mapema. Bi Time hakuwa kibarazani. Alikuwa mgonjwa wiki mbili, na karai lake lilikuwa limefunikwa juu ya jiko. Wageni watatu wa bendi ya mishahara walifika kabla ya saa kumi, wakaketi safu ya mbele pamoja na watu wa mtaani. Mimi nilikuwa nimetangulia kusali alasiri. Sudi alikwenda stoo, akatandika msala wake kati ya ngoma, na ndipo kaka yake Bi Time, Mzee Athmani, alipoingia kwa mlango wa pembeni. Alimwita Afande kando, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia. Bi Time alikuwa amefariki muda huohuo. "Siwaambii muwafukuze wageni," Mzee Athmani alisema, "watu wametoka mbali. Na yeye mwenyewe aliwapenda. Lakini mwanangu, zile kelele, hapana. Tuna maiti ndani, ukuta ni huu." Afande alivua kofia. Alimwambia Mzee Athmani kwamba tutapiga Ile Kubwa mpaka mwisho wa kubembeleza, taratibu, tutaishia hapo na kusimama kimya, kisha yeye atawaeleza watu sababu. Akapita kiti kwa kiti akituambia kwa sauti ya chini. Alipofika kwangu alitazama kiti cha Sudi kilichokuwa tupu. "Nenda stoo," akaniambia. "Mwambie Sudi, ugomvi hakuna leo. Tunaishia kwenye kubembeleza."

Nilikwenda na ujumbe ule mdomoni, na sikuwa na nia mbaya. Naapa, na najua kiapo changu hakina bei tena, lakini sikuwa nayo. Nilikuwa nalia, nilimpenda Bi Time. Sudi alikuwa ameketi akimalizia sala, kidole kimenyooka. Nilimngoja mlangoni. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa. Akaniona, akatabasamu. Nadhani machozi yangu aliyadhani ni ya woga. "Mbona umesimama hivyo? Waogopa?" aliniuliza. "Usiogope, Rehema. Ukikosea mahali, mimi nitapuliza kwa nguvu wasikusikie." Alikuwa akinipa moyo, alikuwa akinihurumia mbele ya msala wake, na mimi nilihisi kama nimezabwa kofi. Ujumbe niliokuja nao nikaumeza. "Wanakwita," nikasema. Ni neno hilo tu nililomwambia. Nikageuka, nikatangulia.

Kutoka stoo mpaka viti ni hatua kama ishirini, na katika kila hatua ningeweza kugeuka. Nilijiambia nitamwambia akiketi. Akaketi. Nikajiambia mwenzake wa karibu atamwambia, nikijua kwamba kila mtu alidhani mimi nimeshamwambia. Afande alinyanyua kijiti, akanitazama kwa nyusi zilizouliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Hatujapata kuipiga Ile Kubwa vizuri namna ile, wala sijapata kuisikia ikipigwa hivyo tena, hata katika bendi zenye vyombo vya kung'aa. Tulipofika kubembeleza sote tulijua tunambembeleza nani, isipokuwa Sudi, aliyejua tu kwamba tumepiga vizuri. Tukamaliza. Kijiti cha Afande kilishuka taratibu hadi kwenye paja lake. Watu hawakupiga makofi, nadhani utulivu wenyewe uliwashika. Na katika utulivu ule Sudi alianza ugomvi. Alipuliza kwa pumzi yote, kama karatasi ilivyomwagiza, noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikatika katikati. Aliteremsha tromboni akatutazama, mmoja mmoja. Nyuma ya ukuta wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza, na mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Lahaula!" Kisha Mzee Athmani alitokea mlangoni. Hakufoka. "Hata hajaoshwa," alisema. "Dada yangu hata hajaoshwa, Sudi."

Tuliitwa stoo, mimi na Sudi, na Mzee Athmani akaingia, na wengine wakajaa mlangoni pamoja na mmoja wa wale wageni. Sudi ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa nani amefariki. "Wallahi sikuambiwa, Afande," alisema. "Wallahi sikuambiwa." Afande akanigeukia. Alikuwa mtu wa Taita na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, ambako mtu akitumwa huulizwa kama ujumbe umefika. Angekuwa mtu wa Changamwe angeniuliza, "Ulimwambia?" na hapo ningekwama, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema nilimwambia. Lakini Afande aliuliza kama alivyozoea. "Rehema, nilikutuma. Ujumbe ulifika?"

"Ulifika," nikasema.

Mzee Athmani alitutazama kwa zamu. "Huyu ameapa," alisema. "Na wewe, mwanangu, waweza kuapa?"

Sikufikiri kwa muda mrefu. Nililiona lile neno, nikaliona lina mlango wa nyuma. Ujumbe ulifika, ni kweli ulifika. Ulifika kwangu. Afande aliutuma nikaupokea, na mbele ya Mungu mtu hawezi kuniambia haukufika mahali. "Wallahi, ulifika," nikasema, na udhu wa alasiri ulikuwa bado haujanitoka. Nimesoma na kusikiliza wenye elimu wakieleza kiapo cha namna hii kinahesabiwaje, na kila mara nimetoka kabla hawajamaliza.

Nilitegemea Sudi atanikasirikia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Badala yake alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakumbuki wapi. Alikuwa anaamini kwamba Mwislamu haapi uongo huku maiti iko nyuma ya ukuta. "Kama Rehema ameapa," akasema taratibu, "basi niliambiwa. Ni mimi ndiye sikusikia." Akaenda akambusu Mzee Athmani mkono, akamwomba radhi. Yule mgeni akamwambia Afande, bila ubaya wowote, kwamba mtu asiyesikia maagizo ni vigumu kumweka katika bendi. Mwezi uliofuata barua ilikuja na jina langu.

Sudi alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi la Bi Time, na siku zote za matanga alibeba maji na kupanga viti. Ukumbini hakurudi tena. Tromboni yake ilikaa stoo hadi nilipoondoka, na mimi ndiye niliyeifuta vumbi, kwa bidii. Kwenye matanga niliketi na wanawake, nikala wali wa Bi Time aliyekufa, na mama mmoja akaninong'oneza, "Wewe angalau ulijaribu kumwambia, mwanangu." Nikasema, "Ndiyo." Nilikula nikamaliza sahani. Hilo huwa linanirudia zaidi kuliko hata kiapo, kwamba nilikuwa na njaa, nikala, nikashiba.

Sasa nirudi Mikindani. Sebule ya Afande ilijaa wazee, na sisi tuliokuwa vijana wake ndio hao wazee. Sudi alikuwa ameketi karibu na mlango pamoja na mkewe, Mwanajuma. Amestaafu kazi ya bandarini, ndevu zimekuwa nyeupe. Alisimama aliponiona, akanishika mkono kwa furaha ya kweli, akanivutia kiti upande wake wa kulia. "Keti huku," alisema, "hili la kushoto silitegemei." Nikamwuliza lina nini. Mwanajuma akacheka. "Halina kitu, dada yangu," alisema. "Amepimwa mara tatu. Daktari asema masikio mazima yote mawili. Lakini nyumbani kwetu jambo lasemwa mara mbili, tangu aliponioa. Nikimwambia chumvi imekwisha, sharti nirudie, naye arudie, ndipo aende dukani. Watoto wamekua hivyohivyo." Sudi alitabasamu kidogo. "Daktari hajui," alisema. "Rehema ajua. Yeye alikuwako."

Niliomba radhi nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji. Niliamua kwamba nikirudi ndani nitamwambia. Nilipanga hata maneno, machache, yasiyo na mlango wa nyuma. Nikarudi, nikaketi, nikasema, "Sudi, kuna jambo." Akainua kiganja taratibu kama mtu anayeomba atangulie.

"Na mimi nina jambo," alisema. "Nimelingoja miaka, nasema nikikutana na Rehema nitamwuliza. Siku ile pale stoo. Nakumbuka msala, nakumbuka ngoma, nakukumbuka wewe mlangoni umelia. Nakumbuka uliniambia wanakwita. Lakini yale mengine, ya Bi Time, nimetafuta, nimetafuta, siyaoni. Hata kitandani huwa natafuta. Naogopa nilisikia nikapuuza. Kusikia na kupuuza ni jambo jingine kabisa, Rehema, hilo nitaulizwa. Hebu niambie. Uliniambia kwa maneno gani?"

Mwanajuma alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama yeye pia, kwa macho ya mtu ambaye ameishi miaka mingi na swali la mwenzake na sasa anaona linakaribia kuisha. Maneno yangu ya karibu na tangi yalikuwa tayari mdomoni, yote. Kisha akilini niliuona uso wa Mwanajuma ukibadilika baada ya kuyasikia, niliwaona wanafunzi wote mle sebuleni wakigeuka, na nikawa tena yule msichana wa mlangoni.

"Nilikwambia hivi," nikasema. "Sudi, Bi Time amefariki. Ugomvi hakuna leo. Lakini nilisema chinichini, na malori yalikuwa yanapita."

Alifumba macho. Midomo yake iliyarudia maneno yangu bila sauti, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Naam," alisema. "Naam, sasa nayakumbuka. Malori, ndiyo. Ulisema vivyo hivyo, hasa." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Allah akulipe, Rehema."

"Amin," nikaitikia.